Kamina: kabla ya kutuma picha, angalia barabara

Kamina ni mji wa reli. Njia ya Lubumbashi kwenda Ilebo inakutana hapa na ile ya Kabalo na Kalemie, na kila treni inabeba jamaa za watu. Ndiyo maana picha moja ya mabehewa yaliyopinduka, ikiingia usiku katika kundi la WhatsApp, inatosha kuamsha mtaa mzima. Mama anaanza kulilia msiba ambao pengine ni wa nchi nyingine, tena wa miaka iliyopita.

Vijana wengi wanadhani kuchunguza picha kama hiyo ni kazi ya wazungu au ya watu wa usalama. Si kweli. Mwaka 2018 video ya wanajeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili ilizunguka Afrika, na serikali ya Kameruni ikasema ni uongo. BBC Africa Eye na wasaidizi wake walilinganisha mstari wa milima ulioonekana nyuma ya askari na picha za satelaiti ambazo kila mtu anaweza kuzifungua. Wakafika karibu na Zelevet, kaskazini mwa nchi hiyo. Vivuli viliwapa majira: kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi ya Yaoundé iliwahukumu askari wanne miaka 10 jela.

Kamina haina milima ya namna hiyo, lakini alama hazikosekani. Kongo magari yanapita upande wa kuume. Zambia na Tanzania, upande wa kushoto. (Usukani peke yake hautoshi: magari ya Japani yamejaa kila mahali.) Plaki za Kongo zina herufi CGO. Maandishi ya kwenye behewa na lugha ya bango la duka navyo vinasema. Kisha picha yenyewe inatafutwa Google kuona kama ilishatoka zamani. Mega zinazohitajika ni chache kuliko za video moja ya kuchekesha.

Chuo Kikuu cha Kamina na redio za mji wangeweza kufundisha hayo hata saa moja kwa juma. Kijana aliyezoea angesoma pia ramani ya Cadastre Minier, ajue ni nani mwenye kibali juu ya shamba la baba yake kule Malemba-Nkulu. Ila sura ya marehemu na jina la shahidi havitangazwi, hata vikionekana kwa wote.

Na kwa habari ya treni, gare iko palepale mjini. Mtu anaweza kwenda kuuliza kabla ya kumwamsha jirani.