Goma: Pawa saplai ya bei rahisi inaweza kuua kompyuta nzima

Mteja anayetafuta pawa saplai katika maduka ya kompyuta mjini Goma huweza kuwekewa mbili mezani. Moja ni nzito, imeandikwa wati 300, na bei yake inamfanya akune kichwa. Nyingine ni nyepesi, imeandikwa wati 600, na ni nafuu. Akichukua ya pili, ataamini amepata nguvu nyingi kwa pesa kidogo. Huenda amenunua karatasi iliyobandikwa juu ya bati.

Pawa saplai ni kile kisanduku kinachopokea umeme wa volti 220 kutoka ukutani na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa na kompyuta. Kila kifaa kilichomo ndani kinakitegemea. Kikiharibika vibaya, hakifi peke yake: kinaweza kuunguza ubao mama na diski yenye kazi zote za mwenyewe.

Goma si mji wa kufanyia mchezo huo. Umeme wake unatoka SNEL, Virunga Energies yenye mtambo wa Matebe uliozinduliwa mwaka 2015, na Nuru iliyofungua kituo cha jua mwaka 2020. Palipokatika, jenereta ndogo huwashwa, na volti zake hupanda na kushuka. Umeme ukirudi kwa kishindo, pawa saplai ndiyo inayopokea kofi la kwanza.

Iliyotengenezwa vizuri ina fyuzi, vichujio, na saketi inayozima kila kitu volti zikizidi. Mtengenezaji wa ile ya bei ya kutupa hubana matumizi hapo hapo: kapasita ndogo, nyaya nyembamba, kinga zilizoachwa. Ndiyo sababu ni nyepesi.

Wapo watakaosema ushauri huu ni wa matajiri. Tangu M23 ilipouteka mji Januari 2025, benki zilifungwa na pesa taslimu ikawa adimu. Mwenye kijiduka cha kuchapisha kazi za wanafunzi anunue nini, kama si kile anachokiweza?

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inaelekea upande wa pili. Tuseme tofauti ya bei ni dola 20. Mwenye akiba anaweza kupoteza ubao mama na diski, kisha akanunua vingine. Asiye na akiba hufunga kazi. Na mwanafunzi ambaye kazi yake ya kumaliza masomo ilikuwa kwenye diski hiyo, hakuna duka litakalomuuzia nyingine.

Tena, pawa saplai nzuri si lazima iwe kubwa. Kompyuta ya kawaida ya ofisi, isiyo na kadi ya michezo, kwa kawaida hutumia chini ya wati 150. Wati 300 za kweli zinaitosha na kubaki. Kuujua ukweli ni rahisi: mnunuzi asome ampea zilizoandikwa kwenye mstari wa volti 12, kisha azidishe. Ikiwa ni ampea 15, hizo ni wati 180 tu, hata kama kibandiko kinasema 600.

Asiyeweza kununua mpya iliyo nzuri, atafute iliyotumika, iliyotolewa kwenye mashine za ofisi za Dell au HP. Nyingi zilitengenezwa kwa uangalifu. Ila afike na kompyuta yake dukani, kwa kuwa baadhi ya plagi na maumbo yake hayaingiliani na kasha la kawaida. Zikibaki pesa, ziende kwenye stabilaiza.

Wauzaji nao wana deni. Dhamana inayoishia mlangoni si dhamana. Kifaa kijaribiwe mbele ya mteja, na muda wa kukirudisha uandikwe kwenye risiti. Anayekataa kuandika amekwisha kumwambia mteja anachokijua kuhusu bidhaa yake.