Chombo cha Kuoshea Pua, na Maji Yanayotiwa Ndani Yake

Tuingie katika swali la juma hili.

Binti mmoja anayesomea ufundi wa mitambo ameniletea mchoro wa kifaa anachotaka kukiunda. Nduguye mdogo ana mafua ya mzio yasiyomwachia, na daktari ameshauri aoshwe pua kwa maji ya chumvi. Chupa zinazouzwa kwenye maduka ya dawa ameziona ghali, basi amebuni chake: kifaa cha kushika mkononi, chenye pampu ndogo ya betri. Swali lake lilikuwa fupi: "Maalim, hii si istinshaki iliyotiwa betri tu?"

Jibu ni la. Na tofauti iliyopo baina ya viwili hivyo ndiyo inayofaa kukiongoza kifaa chenyewe tangu kwenye karatasi.

Katika udhu, mtu huteka maji kwa kiganja, akayapandisha puani kwa pumzi yake, kisha akayapenga. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza Laqit bin Sabira azidishe katika kupandisha huko isipokuwa awapo katika saumu. Hata kwa mwenye kuzidisha, pumzi ndiyo mwendeshaji, na mwili wenyewe humwambia mtu mahali pa kukoma. Kifaa kina safari nyingine. Maji huingia tundu moja, huzunguka nyuma ya ukuta unaotenganisha matundu mawili, yakatokea tundu la pili. Hubeba kamasi, vumbi na chavua, na ndiyo faida yake. Lakini hufika pia mahali ambapo kiganja hakiyafikishi mara nyingi. Juu ya paa la pua upo mfupa mwembamba wenye vitundu mfano wa chujio, na katika vitundu hivyo hupita mishipa ya kunusia kuelekea kwenye ubongo.

Mama zangu, hapo ndipo penye hatari. Kipo kijidudu cha jamii ya amiba kiitwacho Naegleria fowleri, kinachoishi katika maji baridi yasiyo ya bahari, hasa yakipata joto. Ukikinywa hakikudhuru. Kikipandishwa puani chaweza kupita katika chujio lile hadi ubongoni, na walioambukizwa wakapona ni wachache mno. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, watu wawili walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya mfereji wa nyumbani, wakitumia vibirika vidogo vya asili ya Kihindi vya kazi hiyo. Mji wa Karachi, Pakistani, nao umepoteza watu wengi kwa maradhi haya, na miongoni mwao wako ambao hawakuwahi kuogelea. Maji ya mfereji yaliyopanda puani, kwa kuoga au kutawadha, ndiyo yaliyoshukiwa. Maradhi haya ni nadra sana, wala sisemi ili kutia watu hofu. Nasema kwa sababu kinga yake ni sufuria na moto.

Basi nilimwambia binti yetu kwamba sehemu ya kwanza ya kifaa chake imo jikoni. Tuyatazame maji yetu ya pwani: visima, mitungi ya mikokoteni, matangi juu ya mapaa yanayopikwa na jua mchana kutwa. Maji ya kisima kuwa na ladha ya chumvi hakuyafanyi kuwa salama, wala hakuyafanyi kuwa dawa. Yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika 1 kamili, yafunikwe, yaachwe yapoe hadi kuwa fufutende. Kisha itiwe chumvi, gramu 9 kwa lita, kwani hicho ndicho kipimo kinacholingana na maji ya mwili. Maji matupu huchoma pua, na chumvi ikizidi huchoma vilevile. Kwa robo lita ni gramu 2 na robo, yaani chini kidogo ya nusu kijiko cha chai. Chumvi iwe laini na safi, na isiyotiwa madini ya joto ndiyo bora. Ile ya mawemawe itokayo mashambani kama ya Gongoni na Marereni tuwaachie samaki. Kijiko kidogo chenye kipimo hicho, kilichofungwa kwenye kifaa, kingekuwa na manufaa kuliko betri.

Kuhusu pampu, sikuipenda. Nyuma ya pua upo mrija unaokwenda sikioni, na maji yakisukumwa kwa nguvu hupanda huko, mtoto akaamka usiku akilia sikio. Mkono unaobinya chupa laini huhisi mahali maji yanapokataa, ukaregea. Mota haina hisia hiyo. Kibirika cha Kihindi hakisukumi kabisa, maji hushuka kwa uzito wake tu. Tena pampu ina njia za ndani ambazo mtu hawezi kuziona wala kuzikausha, na unyevu uliojificha huzaa ukungu.

Ila chupa ya kubinya nayo ina aibu yake. Ukiiachia, huvuta hewa kurudi ndani, na pamoja na hewa huvuta kamasi. Dawa yake ni vali ya njia moja mdomoni, na tundu jingine la kuingizia hewa. Vali hiyo iweze kufunguliwa kwa vidole bila bisibisi, ichemshwe pamoja na chupa. Plastiki iwe ya aina inayovumilia maji yanayotokota, kama polipropilini, ing'ae uone ndani, na shingo iwe pana kiasi cha kupitisha brashi. Ncha iwe ya silikoni, mviringo, pana kuliko tundu la pua, izibe mlangoni bila kuingia ndani. Na kila mtu awe na chake. Katika nyumba zetu za watoto sita, tofauti ya rangi yatosha.

Wazee wetu wa elimu hawakudharau ufundi huu. Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyeishi miaka 1000 iliyopita, katika sehemu ya upasuaji ya kitabu chake al-Tasrif alichora chombo cha kutilia mafuta na dawa puani, kilichofanana na taa ndogo. Aliona kinastahili kuchorwa pamoja na visu vyake.

Anayeoshwa ainamishe kichwa juu ya beseni, aache kinywa wazi, apumue kwa kinywa. Mtoto mchanga haoshwi hivi. Hutiwa matone na kuvutwa kamasi kwa kimpira, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Damu ikitoka au sikio likiuma, acheni. Na yeyote atakayepata homa, kichwa kikali na shingo kukakamaa siku chache baada ya maji kumpanda puani, apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe habari ya maji hayo.

Yamebaki mawili ya fikihi. Udhu wenu msiuogope. Katika madhehebu yetu ya Shafii kupandisha maji puani ni sunna, na pandisho la upole laitimiza. Mwenye shaka na maji ya tangi lake aweke birika la maji yaliyochemshwa kwa ajili ya pua. Ama kifaa hiki mchana wa Ramadhani, hapana. Maji yake hukusudiwa kuvuka ndani ya pua, na yakivuka hivyo saumu imeharibika. Kuna usiku mzima baada ya futari, na kuna wakati wa daku. Mgonjwa ambaye daktari amemwambia hawezi kusubiri magharibi ana ruhusa ya mgonjwa, naye ataikidhi siku hiyo.

Wallahu aalam.