Mkulima na kiti cha Kinshasa: kwa nini anarudia kampanye na hapati?

Wakaaji wa teritware nyingi za mashariki wanamjua. Ni baba ama mama wa shamba, kiongozi wa koperative ama wa chama cha wakulima. Mwaka wa uchaguzi ukifika, anaweka tena jina lake kwenye CENI kutafuta kiti cha mbunge wa kitaifa. Alijaribu, akaanguka. Alirudia, akaanguka tena. Sokoni wengine wanamcheka: «Ule papa hajachoka tu?» Wengine wanamheshimu, lakini siku ya kura wanampa mwingine.

Swali siyo la kumcheka wala kumhurumia. Katika majimbo ya Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Ituri, Maniema na Tanganyika, watu wengi wanaishi kwa jembe. Lakini kule Kinshasa, kati ya wabunge 500 wa Bunge la taifa, wale ambao mikono yao inajua jembe ni wa kutafuta kwa taa. Kwa nini? Wengi wanajibu haraka: wizi wa kura. Wizi upo. Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wakandida 82 kwa sababu ya udanganyifu na fujo. Lakini hata pale ambapo hakuna mtu ameiba kitu, njia ya mkulima ina vizuizi vingine, na vingine viko ndani ya sheria yenyewe.

Dhamana inafika wakati mbegu inahitajika

Kizuizi cha kwanza ni makuta. Mwaka wa 2023, kila kandida wa ubunge wa kitaifa alitakiwa dhamana, ile watu wanaita kosyon, ya franka 1,600,000, na makuta ile hairudishwi. Mfanyabiashara wa mujini anaweza kuitoa kwenye mfuko wa duka. Mkulima anaitoa kwenye gunia. Kila msomaji ahesabu mwenyewe, kwa bei ya soko lake: ni mifuko mingapi ya maharagi ama ya mihindi? Na ile ni ya kuingia mlangoni tu, bado hajanunua hata lita moja ya esansi.

Tena kuna kalenda. Katika milima ya Kivu, wakulima wana misimu miwili mikubwa. Msimu A unapandwa kuanzia Septemba na kuvunwa kuelekea Januari ama Februari. Msimu B unapandwa kuanzia Februari ama Machi na kuvunwa Juni na Julai. Mwaka wa 2023, CENI ilipokea majina ya wakandida Juni na Julai. Maana yake, mavuno ya msimu B yanaingia nyumbani na kutoka siku ileile kuwa dhamana. Septemba mbegu inahitajika, na watoto wanarudi masomoni. Kisha kampanye inafunguliwa tarehe 19 Novemba hadi 18 Desemba, wakati ghala liko tupu na shamba linataka kupaliliwa.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka wa 2006, kura ya wabunge ilipigwa tarehe 30 Julai, wakati wa mavuno. Kuanzia 2011 (tarehe 28 Novemba), 2018 (tarehe 30 Desemba) na 2023 (tarehe 20 Desemba), uchaguzi umeangukia katika miezi ya njaa. Hakuna aliyepanga hivyo ili kumtesa mkulima. Lakini mwenye mshahara wa kila mwezi hasikii tofauti, mkulima anaisikia. Na mpiga kura ambaye nyumbani hakuna chakula, kandida akimletea sabuni na kilo ya chumvi, ni vigumu kumwambia asipokee.

Mtu anapata kura mingi, mwingine anapata kiti

Kizuizi cha pili wakaaji wengi hawajaelezwa vizuri: hesabu ya viti. Pale ambapo teritware ina kiti kimoja tu, mwenye kura mingi anashinda. Lakini pale ambapo kuna viti viwili na zaidi, viti vinagawanywa kwanza kwa listi za vyama, siyo kwa watu. Mpiga kura anachagua jina moja. Kura ile inaingia kwanza katika kapu la listi yote.

Tutoe mfano wa kubuni. Teritware ina viti 5 na kura 100,000 halali. Kila kiti kina bei ya kura 20,000. Listi A ina kura 45,000: inapata viti 2, kunabaki 5,000. Listi B ina 28,000: inapata kiti 1, kunabaki 8,000. Listi C ina 15,000 na Listi D ina 12,000: hazikufika 20,000, lakini viti 2 vilivyobaki vinapewa zile zenye mabaki makubwa, yaani C na D.

Sasa tuangalie watu. Mkulima wetu alikuwa kwenye Listi A. Alipata kura 7,500, akawa wa tatu nyuma ya watu wawili wakubwa, mmoja wa 14,000 na mwingine wa 12,000. Viti ni viwili, amebaki nje. Kwenye Listi D, wa kwanza alipata kura 5,000 tu. Huyo anaenda Kinshasa. Kijijini watu watasema: «Wetu alikuwa na 7,500, yule 5,000, wametuibia!» Hapana. Hakuna aliyeiba. Kura 7,500 za wakulima zilihesabiwa ndani ya zile 45,000 za Listi A, na wale wawili wakubwa ndio wamekalia viti vyake.

Ndiyo maana kuchagua listi ni kama kuchagua udongo. Mbegu nzuri kwenye udongo usiofaa haitoi. Chama kikubwa kinapenda kumuandika mkulima mwenye jina, juu ya zile kura elfu chache anazoleta. Mara nyingi hakimwambii kwamba yeye ni kuni za kupikia chakula cha wengine.

Basi aende kwa chama kidogo, ama peke yake?

Hapo anakutana na kizuizi cha tatu. Tangu marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya Desemba 2017, listi inatakiwa kufikisha asilimia 1 ya kura halali za inchi nzima ndipo ishiriki katika mgawanyo wa viti vya Bunge la taifa. Mwaka wa 2023, karibu watu milioni 18 walipiga kura. Asilimia 1 ni karibu kura 180,000. Kandida wa kujitegemea, ambaye anaomba kura katika teritware moja tu, atazitoa wapi? Kwake mlango ule ni kama umefungwa. Na chama kidogo cha wakulima chenye nguvu Lubero ama Walungu, lakini hakijulikani Bandundu wala Lubumbashi, kinaweza kushinda nyumbani na kupoteza kiti.

Sheria ya Juni 2022 iliongeza jambo lingine: chama ama muungano wa vyama ambao haujaweka wakandida wa kufikia asilimia 60 ya viti vinavyogombewa, listi zake hazipokelewi. Kusudi lilitajwa kuwa kupunguza vyama vya mfukoni. Lakini matokeo yake kwa mtu wa kijiji ni wazi: lazima apite chini ya mwavuli wa mkubwa fulani wa Kinshasa, na mwenye mwavuli ndiye anachagua nani akae mahali pakavu.

Kuna jambo moja jema katika sheria ileile, na wakina mama wa mashamba wangefaa kulijua: listi yenye angalau nusu ya wanawake hailipi dhamana. Kwa vyama vya akina mama wakulima, ambao ndio wanabeba sehemu kubwa ya kazi ya shamba, hapo kuna ufunguo ambao bado haujatumiwa sana.

Na hata akiingia kwenye listi nzuri, msongamano ni mkubwa. Mwaka wa 2006 wakandida wa ubunge wa kitaifa walikuwa zaidi ya 9,000. Mwaka wa 2023 walikuwa zaidi ya 25,000. Jina la mkulima linapotea kwenye mashini ya kura kama punje moja ndani ya gunia.

Bila barabara, bila amani

Teritware siyo kijiji. Lubero ina zaidi ya kilomita mraba 18,000. Walikale zaidi ya 23,000, karibu ukubwa wa Rwanda yote. Mwenye jeep na motari kumi anafika kila grupema kwa siku 30 za kampanye. Mwenye miguu anafika kwao na kwa majirani. Siku ya kura, mkubwa ana mashahidi kwenye ofisi nyingi za kura. Mkulima anatumaini watoto wa shangazi. Akitaka kulalamika, kesi ya kiti cha kitaifa inasikilizwa na Korti ya Katiba, kule Kinshasa. Nauli ya ndege peke yake inamaliza kesi.

Vita nayo inapiga kura kwa njia yake. Mwaka wa 2018, Beni na Butembo waliambiwa wangoje, juu ya Ebola na usalama; walichagua wabunge Machi 2019, wakati rais alikwisha apishwa. Mwaka wa 2023, Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kabisa. Goma ikaangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, Bukavu Februari 2025. Tena viti vinagawanywa kufuatana na hesabu ya watu walioandikishwa kupiga kura. Mkulima aliyekimbilia kambini, akaandikishwa mbali ama hakuandikishwa, amepoteza shamba na ameondoa pia uzito wa teritware yake Bungeni.

Ngazi isiyo na vidato vya chini

Swali moja linaulizwa mara chache: kwa nini mkulima aanzie juu kabisa? Sheria imepanga uchaguzi wa washauri wa sekta na wa sheferi. Pale ndipo mtu wa kijiji angejifunza kazi, angejulikana kwa matendo, angeonyesha kama anaweza kulinda makuta ya watu. Lakini tangu 2006, vijijini uchaguzi ule haujafanyika. Mwaka wa 2023 walichaguliwa washauri wa komine tu, tena za miji mikuu ya majimbo. Mkulima anaombwa aruke kutoka ardhini hadi juu ya paa. Akianguka, tunasema hana uwezo.

Kwani kiti kile kina maana gani kwa shamba?

Kina maana kubwa. Bunge ndilo linapiga kura ya bajeti. Mwaka wa 2003, kule Maputo, viongozi wa Afrika, Kongo ikiwemo, waliahidi kilimo asilimia 10 ya bajeti. Inchi yetu imekaa mbali sana na hesabu ile mwaka baada ya mwaka, ingawa hotuba zinasema udongo utashinda madini. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 ilitaja mfuko wa kitaifa wa kuendeleza kilimo. Mkulima wa Kabare ama wa Djugu ajiulize ni mkopo gani wa mfuko ule umefika kwake.

Kubwa kuliko yote ni ardhi. Sheria ya ardhi ya Julai 1973, kifungu cha 389, ilisema haki za watu juu ya ardhi ya kimila zitapangwa na ordonansi ya rais. Miaka ikapita, kumi kwa kumi, ordonansi haikutoka. Katika pengo lile ndimo wanaingia wenye konsesyon, karatasi mbili kwa shamba moja, na ugomvi ambao tunajua unavyoishia. Mbunge mwenye ng'ombe mia kwenye konsesyon na mbunge ambaye mama yake alifukuzwa shambani hawawezi kusoma kifungu kile kwa jicho moja.

Lakini tuseme ukweli wote: kuwa mkulima siyo cheti cha utu wema. Kuna waliotoka kijijini, wakapata kiti, wakasahau njia ya kurudi. Na mbunge mmoja kati ya 500 hatengenezi barabara. Mashirika kama FOPAC na SYDIP kule Kivu ya Kaskazini yamejaribu njia nyingine: kubaki nje ya vyama na kuwasukuma wabunge wote, wawe wakulima ama hapana. Njia zote mbili zina kazi. Bila sauti ya nje, mbunge analala. Bila mtu wa ndani, sauti ya nje inabaki mlangoni.

Kabla ya kurudia

Kikatiba, kura ingine ya wabunge inangojewa 2028. Kwa yule anayetaka kurudia, hesabu ya zamani inafundisha mambo matatu. Aangalie kwanza ni nani wengine wako kwenye listi na kama chama kinaweza kufikisha asilimia 1, kabla ya kuangalia rangi ya bendera. Dhamana ianze kuwekwa mapema na chama cha wakulima, kidogokidogo kama likelemba, isitoke kwenye mbegu ya nyumba moja. Na mapatano yafanywe kabla: wakandida wanne wa wakulima katika teritware moja wanagawana kura zilezile, na wote wanabaki nyumbani.

Kwa mpiga kura, kuna maswali ya kumuuliza kila kandida, mkulima ama tajiri. Utapigia bajeti ya kilimo kura gani? Kifungu cha 389 unakifahamu? Uchaguzi wa sheferi utaudai? Anayejibu kwa kitenge na sabuni, amekwisha jibu.