Kiti cha Kurithi Hakina Dalili: Jawabu kwa Wanaotamani Mfalme Mcha Mungu

Sifa njema zote zinamstahiki Allah (S.W.), ambaye ufalme wote ni Wake, na ambaye mbele Yake mfalme na mchunga mbuzi watasimama safu moja. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, mzee mmoja wa jamaa yetu, mtu asiyekosekana safu ya kwanza, aliniambia: “Maalim, sisi tumechoka na kura. Kila miaka mitano ni kutukanana na kuuana. Bora tupate mfalme mcha Mungu, mwenye kadhi wake na msahafu wake, tulale usingizi.” Waliokuwapo wakatikisa vichwa kuafiki. Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa si adabu kijana kumkatiza mzee mbele za watu. Lakini kauli hii imekuwa ikirudiwa barazani na hata juu ya mimbari, hasa tangu alipofariki Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, mwezi wa Desemba 2024. Kunyamaza sasa kungekuwa kuificha elimu.

Kwanza tukiri ukweli. Machovu ya mzee wetu yana sababu. Mwezi wa Januari 2001 damu ya Waislamu ilimwagika Pemba na Unguja kwa sababu ya uchaguzi. Kenya, baada ya kura ya Desemba 2007, walikufa watu zaidi ya 1,000. Zanzibar, tarehe 28 Oktoba 2015, uchaguzi mzima ulifutwa kwa kauli ya mtu mmoja, ukarudiwa Machi 2016. Mwenye kuyaona haya akachoka, halaumiwi. Analaumiwa anayeikimbia nyumba inayovuja akaingia nyumba inayoungua, kisha akadai kuwa dini ndiyo iliyomwelekeza huko.

Kwani dini imeelekeza nini? Katika Suratush-Shura, aya ya 38, Allah (S.W.) amewasifu waumini kuwa mambo yao huendeshwa kwa kushauriana, na sifa hiyo ameiweka baina ya kusimamisha sala na kutoa katika riziki. Mtume (S.A.W.) aliondoka duniani bila ya kumrithisha mtu kiti. Abubakar (R.A.) alipewa bai'a na watu, na katika hotuba yake ya mwanzo aliwataka wamnyooshe akipinda. Umar (R.A.) alipochomwa kisu mwaka 23 Hijria, aliwataja Masahaba sita wachague mmoja wao. Mwanawe Abdullah, mwanachuoni na mcha Mungu asiyetiliwa shaka, aliruhusiwa kuhudhuria na kutoa rai, lakini alizuiwa kukishika cheo chenyewe. Abdurrahman bin Auf (R.A.) akatumia siku tatu kuwauliza watu wa Madina rai zao. Angalieni, ndugu zangu: baba alikuwa na mtoto aliyefaa, na bado akamfungia mlango.

Ufalme uliingia baadaye. Katika hadithi ya Safina (R.A.), waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) alibashiri kuwa ukhalifa utadumu miaka thelathini, kisha utakuja ufalme. Ilipotakiwa bai'a kwa Yazid wakati baba yake yu hai, Abdurrahman bin Abibakar (R.A.) alipinga waziwazi, akaifananisha desturi hiyo na ya Makaisari wa Rumi. Sisi hatumtukani Sahaba yeyote. Hukumu yao iko kwa Mola wao. Lakini kumheshimu Sahaba ni jambo moja, na kuifanya desturi ya Kaisari kuwa sunna ya Mtume ni jambo jingine. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake, ameweka mlango mzima kueleza jinsi ukhalifa ulivyogeuka kuwa ufalme. Lau vitu hivyo viwili vingekuwa kimoja, asingekuwa na la kueleza.

Sasa tuache vitabu tutazame historia ambayo ni yetu sisi watu wa pwani: historia ya Oman. Nimeichagua Oman kwa sababu nchi hiyo imeyaonja mambo yote mawili, imamu anayechaguliwa na mfalme anayerithi, watu wakiwa ni wale wale na madhehebu ni ile ile. Kwa Maibadhi, imamu huchaguliwa na wanavyuoni na wakuu wa watu, na akidhulumu huweza kuondolewa.

Mwaka 1624 wanavyuoni walimpa uimamu Nasir bin Murshid wa ukoo wa Yaarubi. Watu waliungana, na mwaka 1650 mrithi wake, Sultan bin Sayf, akawatoa Wareno Maskati. Mwaka 1698 Waomani wakaiteka Ngome ya Yesu, Mombasa. Lakini jina la uimamu likabaki huku kiti kikitoka baba kwenda kwa mwana. Matunda yake yalionekana mwaka 1718, alipofariki Sultan bin Sayf wa pili na kumwacha mwana mdogo. Wanavyuoni walisema mtoto hawezi kuwa imamu, kwani asiyefaa kuwasalisha watu atawatawala vipi? Wakamtaka Muhanna bin Sultan. Wakuu wa makabila wakasema: damu ni damu, mtoto ndiye mwenye haki. Nchi ikapasuka kwa vita vya miaka mingi. Na mtoto yule alipokua na kuona kiti kinamponyoka, aliwaita Waajemi wamsaidie, wakaingia Oman mwaka 1737 na kuwatesa watu wake. Huyo ndiye mrithi wa kiti cha dini!

Aliyewatoa Waajemi alikuwa Ahmad bin Said, liwali wa Sohar, asiyetoka katika ukoo wa kifalme. Kwa ushujaa wake alichaguliwa kuwa imamu katikati ya karne ya 18. Je, somo lilieleweka? Halikueleweka. Kizazi chake nacho kikakifanya kiti kuwa shamba la urithi, hata jina la imamu likawekwa kando. Said bin Sultan, ambaye sisi tunamsifu kwa mikarafuu, alijiimarisha mwaka 1806 kwa kumwua jamaa yake, Badr bin Sayf. Alipofariki mwaka 1856, wanawe wakagombana: Thuwaini Maskati, Majid Unguja. Na nani aliyewaamua? Si kadhi, wala si baraza la wanavyuoni. Mwaka 1861 mtawala wa Kiingereza wa India ndiye aliyeigawa dola ya Waislamu vipande viwili, na kuiamuru Zanzibar ilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Mwaka 1866 Thuwaini akauawa na mwanawe mwenyewe, Salim. Na Unguja, mwaka 1896, Khalid bin Barghash alipoingia kasri bila ya idhini ya Waingereza, manowari zao zililipiga kasri kwa muda usiofika saa moja, wakafa na kujeruhiwa watu wapatao 500, kisha akatawazwa waliyemtaka wao. Anayesema kuwa ufalme ni usingizi wa amani, na atuambie ni usiku upi huo uliolaliwa.

Kuna jambo zito zaidi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, baada ya Waingereza kumtishia Barghash kwa kuizingira nchi kwa manowari. Kasri lilikuwa na makadhi na misahafu, na soko la wanadamu lilikuwa karibu nalo. Dini iliyofanya kumwacha huru mtumwa kuwa ni ibada na kafara ilingoja mizinga ya Manasara! Hayo ndiyo yanayotokea mwanachuoni anapokula kwa mfalme: ulimi wake huwa mzito.

Watasema: na huo uchaguzi je, haukuleta fitna? Uliwahi kuleta, wala hatufichi. Kuondolewa kwa Imamu Salt bin Malik mwaka 886 kuliwagawa Maibadhi kwa karne nyingi. Lakini tulinganishe kwa insafu. Mwaka 1913 watu wa ndani ya Oman walisimamisha tena uimamu wa kuchaguliwa, na Imamu Muhammad bin Abdallah al-Khalili aliongoza tangu 1920 hadi alipofariki 1954. Uimamu huo uliangushwa katika miaka ya 1955 hadi 1959 na majeshi ya sultani yakisaidiwa na Waingereza. Mkoloni alijua alichokichagua. Mfalme mmoja ni rahisi kumnunua au kumtisha. Umma unaoshauriana ni vigumu.

Tujibu sasa shubha nne zinazokaririwa.

Ya kwanza: Nabii Dawud na Nabii Sulayman (A.S.) walikuwa wafalme. Jawabu: hao waliteuliwa na Allah kwa wahyi, na wahyi umekatika. Wafasiri wengi wamesema urithi wa Sulayman kwa Dawud ulikuwa wa unabii na elimu. Kisha msisahau Talut katika Suratul-Baqara, aya ya 246 na 247. Bani Israili walimkataa kwa kuwa hakuwa na mali, wakajiona wao wanastahiki zaidi. Allah (S.W.) akabainisha kuwa sifa yake ni elimu na nguvu za mwili. Nasaba haikutajwa.

Ya pili: Umar bin Abdulaziz alitoka katika ukoo wa kifalme, naye alikuwa mwadilifu. Jawabu: ni kweli, Allah amrehemu. Alitawala takriban miaka miwili na nusu katika dola iliyodumu miaka tisini. Wanahistoria wamesimulia kuwa alipotajwa alipanda mimbari akawarudishia watu jambo lao, kwa sababu hawakushauriwa. Yaani mfalme bora wa Bani Umayya ndiye aliyekiona kiti cha kurithi kuwa kina kasoro! Naye alipofariki, mrithi aliyefuata aliyabomoa aliyoyajenga.

Ya tatu: ufalme umeleta maendeleo Ghuba. Jawabu: tazameni tena Oman. Kabla ya mwaka 1970 Sultani Said bin Taimur aliifungia nchi, ikawa na skuli tatu tu. Mwanawe Qaboos alimpindua Julai 1970, akajenga skuli, hospitali na barabara, na tunamwombea rehema. Lakini kiti ni kile kile na ukoo ni ule ule: baba alifunga, mwana akafungua, na watu hawakuulizwa katika kufunga wala katika kufungua. Nchi hiyo ilipata bahati. Na bahati haiwi nidhamu. Mwaka 2021 sheria ya msingi ya nchi hiyo ilikiandikia kiti kitoke kwa baba kwenda kwa mwana mkubwa. Saudi Arabia nayo, katika Nidhamu ya Msingi ya mwaka 1992, imeufunga utawala ndani ya wana wa Mfalme Abdulaziz na kizazi chao. Tunauliza kwa adabu: aya ipi, hadithi ipi?

Ya nne, nayo ndiyo inayotajwa sana na vijana wetu: demokrasia ni ukafiri, kwa kuwa inawapa watu haki ya kutunga sheria. Jawabu: tutenganishe vitu viwili. Kudai kuwa wingi wa mikono unaweza kuihalalisha riba au ulevi, hilo tunalikataa, na tutalikataa hata wakilipitisha wote. Ama kura kuwa chombo cha kumteua kiongozi, kumhesabu na kumwondoa, hicho ni chombo, kama kipaza sauti kilivyo chombo cha adhana. Anayeikataa kura kwa kuwa haikutajwa katika Qur'ani, urithi wa kiti ameukuta sura gani? Na hao wafalme, je, hawatungi sheria? Benki za riba zimo katika miji yao mikuu kama zilivyo katika miji yetu. Tofauti ni kwamba huko huna wa kumuuliza.

Simaanishi kuwa sanduku la kura ndilo shura kamili. Kura ya kununuliwa kwa kanga na kilo ya mchele ni rushwa, na mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa. Wala kukataa ufalme si kuhalalisha damu iliyomwagwa Zanzibar mwaka 1964. Ile ilikuwa dhulma, na dhulma haifutwi kwa kuwa aliyepinduliwa alikuwa sultani. Ninachosema ni hiki: kura iliyoibwa dawa yake ni kumzuia mwizi. Mwenye kuibiwa hasemi, “Basi nitampa mwizi nyumba, yeye na kizazi chake.”

Nimalizie nyumbani, kwani yapo yanayotuhusu zaidi kuliko Maskati na Riyadh. Ufalme, ndugu zangu, umo misikitini mwetu. Nimesomesha katika madrasa ambayo mwenyekiti alikirithi kiti kwa baba yake, na baba kwa babu. Duka la wakfu lilikuwa likipangishwa, na kwa miaka yote niliyokuwapo hakuna aliyesomewa hesabu ya kodi yake. Walimu tulikaa miezi bila ya posho. Siku nilipouliza, niliambiwa: “Maalim, wewe mgeni, hawa ndio wenye msikiti.” Subhanallah! Tangu lini nyumba ya Allah ikawa na wenyewe? Tunamtaka Rais atoe hesabu, na mweka hazina wetu tunaona haya kumuuliza. Tusioweza kushauriana juu ya paa la msikiti, tutashauriana vipi juu ya nchi?

Basi kila jamaa na ianze hapo. Kamati ichaguliwe na waumini, kwa muda unaojulikana. Hesabu za wakfu zibandikwe ukutani kila baada ya miezi mitatu. Imamu ateuliwe kwa elimu na uchamungu wake, hata kama ni mtoto wa mchukuzi bandarini. Na mtoto wa imamu, akifaa, achaguliwe kama wengine.

Na wewe mzee wangu wa safu ya kwanza, nakuomba radhi ikiwa ulimi wangu umekuwa mkali. Usingizi unaoutaka na sisi tunautaka. Lakini mchungaji anayelala huku amemkabidhi mwingine zizi na funguo zake, wala hana haki ya kumuuliza, akiamka asishangae akikuta kamba tupu.

Allah (S.W.) atuoneshe haki kuwa ni haki na atupe kuifuata, na atuoneshe batili kuwa ni batili na atupe kuiepuka. Wabillahi tawfiq.