Kabla ya kucheka figo ya nguruwe, uliza habari ya tembe

Habari ya mtu kuwekewa figo ya nguruwe ikiingia kwenye grupu ya WhatsApp, unajua kitakachofuata. Mmoja atauliza kama mgonjwa ataanza kukoroma. Mwingine atasema ni haramu. Wa tatu anatuma emoji za kucheka, kisha stori inarudi kwa mpira.

Hebu tuache mzaha kidogo. Shida kubwa hapa hata si nguruwe. Ni mwili wako wewe.

Seli za nguruwe zina sukari iitwayo alfa-gali, ambayo binadamu hatuna. Kingamwili za kuipiga vita tunazo tangu utotoni, manake bakteria wa tumboni mwetu wanayo. Ukipandikizwa figo ya nguruwe wa kawaida, mwili unaishambulia ndani ya dakika au saa chache, inakufa. Ndiyo maana wanasayansi walizima jeni inayotengeneza sukari hiyo na kumwongezea nguruwe jeni za binadamu. Ni kama kumvalisha mtu sare ya shule isiyo yake. Mlinzi wa langoni atampitisha. Mwalimu wa darasa je? Huyo anajua wanafunzi wake, na siku moja atauliza, "Wewe ni nani?"

Towana Looney, mama wa Alabama, Marekani, anaijua siku hiyo. Mwaka 1999 alimpa mamake figo yake moja, baadaye ile iliyobaki ikafeli. Novemba 2024, huko New York, aliwekewa figo ya nguruwe aliyebadilishwa jeni 10. Aliishi nayo siku 130, rekodi wakati huo. Kisha akapata maambukizi. Madaktari wakampunguzia dawa za kutuliza kinga ili mwili upambane na ugonjwa, na kinga ilipoamka ikaigeukia figo. Aprili 2025 ikatolewa, mama akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu.

Umeuona mtego? Ukiacha kinga iwe na nguvu, figo inaenda. Ukiilaza, homa ndogo tu inaweza kukumaliza. Tim Andrews, aliyepandikizwa Boston, alifika siku 271, na yake pia ikatolewa.

Usidhani haya ni ya Wamarekani pekee. Hata aliyepewa figo na ndugu yake wa damu hapa Kenya anameza dawa hizo kila siku, mradi figo hiyo inafanya kazi. Na sisi tunafanyaje? Tunaunda grupu, tunaweka nambari ya kuchangia, tunafanya harambee ya upasuaji. Mgonjwa akitoka hospitalini tunapiga picha, grupu inavunjwa. Tembe za mwaka wa tatu anachangia nani? Maji safi ya mtu ambaye kinga yake imelazwa, kwenye ploti ambayo mfereji hutoa maji mara mbili kwa wiki, yatatoka wapi?

Mimi sipingi figo ya nguruwe. Mtu anayeshinda kwenye mashine saa nne, mara mbili kwa wiki, hana muda wa kuchagua mnyama. Ila siku teknolojia hiyo itakapotua hapa, swali langu la kwanza kwa daktari halitakuwa nguruwe alitoka wapi. Nitamuuliza dawa ni pesa ngapi kwa mwezi, na nani atalipa.

Na ile grupu ya jirani yako iliyovunjwa mwaka jana, hebu mpigie simu umuulize kama tembe bado zipo.