Bima Kubwa Ina Mipaka Yake

Nchini Ujerumani, barabara ya mashindano ya Nürburgring Nordschleife, iliyofunguliwa mwaka 1927 na yenye urefu wa kilomita 20.8, hufunguliwa siku maalumu kwa yeyote mwenye leseni, gari lililosajiliwa na tiketi. Kwa kuwa sheria za kawaida za barabarani hutumika siku hizo, madereva wengi hudhani kwamba bima zao nazo zinatumika kama kawaida. Dhana hiyo ni ya hatari.

Mikataba mingi ya bima haihusishi mashindano wala mazoezi ya kutafuta mwendo wa juu kabisa. Mingine hutaja waziwazi viwanja vya mbio, hata pasipo kushindana. Mwenye bima kubwa anaweza kujikuta akilipia mwenyewe gari lake, gari la kuvuta na kingo za chuma alizozigonga.

Chuma hununuliwa, uti wa mgongo haununuliki. Katika barabara hiyohiyo, tarehe 1 Agosti 1976, bingwa Niki Lauda aliungua vibaya na mapafu yake yakaumizwa na hewa ya moto yenye sumu. Majeruhi wa ajali kubwa huweza kuhitaji upasuaji, uangalizi mahututi na miezi ya mazoezi ya viungo. Ikiwa bima yake ya matibabu au ya safari nayo imeondoa michezo ya magari, deni huiangukia familia.

Dereva na apate kwanza jibu la maandishi kuhusu gari na kuhusu matibabu. Asipolipata, asinunue tiketi.