Namba Tasa? Muulizeni Shangazi Yangu

Sisi Kenya tunasomeshwa hesabu kwa Kiingereza, kwa hivyo wengi wetu hatujui kwamba namba kama 2, 3, 5 na 7, kwa Kiswahili, huitwa namba tasa. Watoto wa Tanzania wanalijua neno hilo tangu shule ya msingi. Tasa, jamani! Neno lilo hilo, kwa Kijaluo chake, ndilo watu wa kwetu Kisian walimtupia shangazi yangu kila akipita na beseni lake la omena.

Eti sababu ni kwamba namba hizi hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Sawa, lakini twende polepole. Ukiivunja 12 unapata 2 × 2 × 3. Hao si watoto wa 12, ni wazazi wake. Kugawa ni kuulizia ukoo. Kuzaa ni kuzidisha. Na kwa kuzaa, omera, hizi hazina mpinzani: kila namba nzima kuanzia 2 kwenda juu ama ni mojawapo yao, ama imetokana nazo zikizidishana, tena kwa njia moja tu. Zing'oe, uone kama utaipata hata 4.

Oktoba 2024, Mmarekani Luke Durant, kupitia mradi wa GIMPS, alipata moja iliyovunja rekodi. Chukua mbili 136,279,841, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Jibu lina tarakimu 41,024,320. Ukisoma tarakimu moja kila sekunde, bila kulala, utamaliza baada ya siku 475 hivi. Na jitu hilo nalo ni tasa? Euclid alishaonyesha, miaka kama 2,300 iliyopita, kwamba kila namba ya sampuli hii huzaa namba timilifu, yaani inayolingana na jumla ya vigawanyo vyake vyote vilivyo vidogo kuiliko. 3 inazaa 6, maana 1 + 2 + 3 = 6. 7 inazaa 28. Hili jitu pia lina la kwake.

Najua kuna watakaosema ni istilahi tu, niache siasa. Lakini istilahi ilipangwa na watu, na watu wanaweza kuipangua. Waliolichagua neno hili waliona kitu kisichogawanyika, wakakitafutia mfano, na mfano uliowajia haraka ni mwanamke. Hata kama namba hizi zisingezaa chochote, hilo lisingekuwa tusi la kuzipachika. Wala yeye.

Shangazi hakuzaa. Karo ya watoto sita wa ukoo ilitoka kwenye omena yake, mimi nikiwa mmoja wao. Chuo nikakiacha mwaka wa pili. Hilo ni langu, si lake.

Mimi nasema ziitwe namba shina. Mwenye neno bora alilete, lakini hili la tasa litoke ubaoni.